Keji Wawili na Programu Tatu za Mafaili

Jumatano, tarehe ishirini na moja Mei. Mvua ilianza alfajiri ikanyesha mpaka saa tatu, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka kali kama lilikuwa limefungiwa ndani. Njia za huku Gudele, mtaa wetu wa Juba, zilibaki tope la kuvua kiatu. Betri ya sola haikujaa, kwa hiyo kompyuta niliiwasha saa tano.

Vijana wa parokia, mliniuliza Jumapili baada ya misa: kati ya hizi programu za bure za kupanga mafaili, mtu achague ipi kwa kompyuta ya nyumbani? Mlisema ile iliyokuja na kompyuta inawachosha. Nikajibu haraka, “Nitawaandikia,” kama mtu anayejua. Nilipofika nyumbani nikajuta. Mimi niliishia darasa la nane kule Kitale, na kompyuta nilianza kuigusa nikiwa na wajukuu. Lakini mafaili ya karatasi nimeyashika miaka mingi katika masijala, na kumbe la karatasi na la kompyuta hupotea kwa njia moja. Kwa hiyo nitaandika ninachokijua, na nikikosea mnisahihishe bila aibu. Na majina ya programu sitayataja. Nilizijaribu siku chache tu, na si haki kukiharibia kitu cha mtu jina kwa sababu ya siku chache, hasa kama makosa mengine yalikuwa yangu. Nitawaeleza sura zake, mtazitambua.

Kazi yenyewe mnaijua. Nilipostaafu, padri aliniomba nipige picha kadi za ubatizo zile za parokia, kabla mchwa hawajamaliza makabati. Watu wengi hapa walikimbia vita wakaacha kila kitu, na kadi ya parokia ndiyo karatasi pekee inayosema wamezaliwa lini na nani. Nilizipiga kwa simu, moja moja, zaidi ya elfu tatu. Makasha mawili yaliliwa miezi michache baadaye. Kwa hiyo kwa watu wa makasha hayo, picha iliyo kwenye kompyuta yangu si nakala tena. Ndiyo kadi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, niwaambie habari za Mzee Lukudu.

Nilipofika Juba kutoka Kenya, nilipata kazi katika masijala ya ofisi moja, na karani mkuu alikuwa yeye. Alikuwa mtu mfupi, aliyekulia Uganda, Kiswahili chake kikitembea kwa miguu yake mwenyewe. Wiki ya kwanza nilipanga majalada nilivyofundishwa Kenya: jina la mwisho ndilo la ukoo, basi unapanga kwa hilo. Nilipanga kabati zima, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Akaja, akavuta jalada moja, la pili, la tatu.

“Mama Sunday, wewe iko nafanya nini hapa?”

“Nimepanga kwa jina la ukoo, mzee.”

“Hii si ukoo. Hii ni babu yake. Mtu ni Keji, baba yake ni Wani, babu yake ni Lado. Wewe iko nazika watu wazima pamoja na babu yao!”

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka kwa kukosa la kufanya. Siku tatu nilikuwa nikifukua watu na kuwarudisha kwenye majina yao. Ndipo akanifundisha la pili. Watu wengi wa hapa huitwa kwa mfuatano wa kuzaliwa, kwa hiyo majina ni yale yale: Lado, Wani, Pitia, Keji, Poni. Unaweza kuwa na watu watano wenye majina matatu sawasawa, na hawajuani. Kila nilipompelekea jalada jipya alikuwa akiligeuza na kuuliza swali moja tu: “Jina ya mama iko wapi?” Bila jina la mama juu ya jalada, alikuwa halipokei.

La tatu lilikuwa meza mbili. Jalada linapotoka kabati moja kwenda jingine, unaliweka meza ya kushoto, unaliandika, unalihamishia meza ya kulia, unaliandika tena, ndipo linaingia. Hakutaka kuona mtu akitembea na majalada mkononi. Alisema mikononi ndimo yanamopotelea, kwa sababu mtu huitwa njiani, akaweka rundo dirishani, akaenda kunywa chai. Nakiri kwamba mimi niliwahi kuacha rundo dirishani. Mvua ilikuwa ya upande. Sitaeleza zaidi.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ile programu iliyokuja na kompyuta yangu ilinifanya nitembee na mafaili mikononi. Ina dirisha moja. Unakata faili hapa, unafunga, unafungua kule, unabandika, na katikati umesahau ulikuwa umekata nini. Kwa mtu mwenye mafaili mia mbili inatosha kabisa, na wala msidanganywe kuibadilisha. Mimi ndiye niliyekuwa na elfu tatu katika folda kumi na nne, na ukifungua folda kubwa yenye picha ilikuwa inakaa ikifikiri mpaka nachemsha maji.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta ya bure. Binti yangu Sunday, ambaye ni mwalimu na tunaishi pamoja, alinisaidia kupakua. Aliweka masharti: nisipakue mahali pengine popote ila kwenye ukurasa wa wenyewe waliotengeneza, maana kuna kurasa zinakupa programu bure na juu yake zinakupa wageni wengine usiowaalika.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kama kitenge kipya. Rangi, alama, folda zinafunguka kama kurasa za kitabu, pembeni picha ndogo. Niliipenda siku tatu. Kisha ikaandika kwamba ni bure kwa mwezi mmoja tu. Sisemi ni vibaya, mtu ana haki ya kuuza jasho lake, na ilikuwa imeandikwa pale mwanzo kwa herufi ndogo ambazo mimi sikuvaa miwani kuzisoma. Lakini niliiondoa.

“Mama, unabadilisha programu kama wanaume wanavyobadilisha timu,” Sunday akasema.

“Mimi nahama kwa sababu. Wao wanahama wakifungwa.”

Ya pili ilikuwa kavu, haina urembo. Lakini nilipoifungua nilikaa chini. Ilikuwa na meza mbili! Kushoto folda moja, kulia folda nyingine, na katikati kitufe cha kuhamisha. Unaona kinachotoka na unaona kinapoingia. Nilimkumbuka Mzee Lukudu, Mungu amrehemu, nikasema huyu aliyetengeneza alipata karani mzuri wa kumfundisha. Ilikuwa nyepesi, haikusumbua betri, na bure yake ilikuwa bure. Nikaamua ndiyo hiyo. Na ni hiyo hiyo niliyoharibia kazi, kwa mkono wangu.

Sikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa nimeyapa mafaili majina matatu tu: Keji Wani Lado, Poni Pitia Wani, basi. Jina la ubatizo niliruka, kwa sababu nusu ya wasichana ni Maria au Rose. Jina la mama niliruka, kwa sababu vidole vilichoka. Ndiyo, mimi niliyefundishwa. Halafu siku moja ya Machi nikataka kuunganisha folda mbili kubwa ziwe moja. Kushoto moja, kulia nyingine, nikabonyeza kuhamisha. Programu ikasimama ikauliza: kuna faili lenye jina hili tayari, niandike juu yake? Nilijua kuna kadi nilizozipiga mara mbili mkono ulipotetemeka, nikadhani ni hizo. Nikajibu ndiyo. Ikauliza tena, nikajibu ndiyo. Ilipouliza mara ya tatu nikaona inanichelewesha, nikabonyeza “Ndiyo kwa zote.”

Ikatii. Programu haina kosa. Iliuliza mara tatu, na binadamu mwenye adabu huuliza mara tatu akaacha.

Sikujua nimefanya nini mpaka juzi Jumatatu.

Alikuja msichana kutoka mtaa wa Nyakuron, jina lake Keji Wani Lado, mpole, ana miaka kama kumi na tisa. Amepata nafasi katika chuo cha ukunga, na chuo kinataka karatasi ya uraia, na ofisi ya uraia imemwambia alete uthibitisho wa kuzaliwa kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Kadi yake ya nyumbani iliungua walipokimbia. Mama yake amefariki. Akaniambia, “Padri amesema wewe ndiye uko nayo.”

“Ninayo,” nikasema, kwa kiburi kabisa. “Kaa hapo, mwanangu, kunywa maji.”

Nikaandika jina, ikatokea mara moja. Nikamwita aone. Akainama kwenye skrini, akasoma. Kisha akasema polepole, kama anaogopa kuniudhi:

“Mama Sunday, huyu si mimi.”

“Si wewe vipi? Keji Wani Lado.”

“Mimi ni Maria. Huyu ni Rose. Mama yangu ni Jwan, na hapa imeandikwa Esther. Na huyu mtu ni mkubwa, ana miaka arobaini.”

Nilitafuta faili la pili. Hakuna. Nikaenda kwenye orodha yangu ya daftari, maana bado naandika kwa kalamu, nikaona: Keji Wani Lado, mstari mmoja, kurasa sita mbele, Keji Wani Lado, mstari mwingine, kasha la saba. Kasha la saba lililiwa na mchwa. Nikaelewa yote kwa pamoja. Niliona kitufe kile machoni.

Ningeweza kumwambia kompyuta imeharibika. Nakiri lilinijia wazo hilo, na lilikaa kwa muda wa kutosha kunitia aibu. Kisha nikamwambia ukweli: “Nilikuwa nayo. Nimeifuta mimi mwenyewe, kwa kudhani wewe ni yule.”

Alilia bila sauti. Sunday akatoka jikoni, akamshika bega, akasema, “Malesh, dada, pole,” akinitazama mimi kwa jicho la kusema tutaongea baadaye.

Ndipo Keji mwenyewe akauliza swali ambalo mimi karani wa miaka yote sikuliuliza. “Picha ulizipiga kwa simu. Kutoka kwenye simu zilipita wapi?”

Zilipita dukani kwa Abdi.

Abdi ni Msomali aliyelelewa Garissa, ana duka la kuchapa na kutoa nakala pale mtaa wa Hai Cinema. Kabla sijawa na kompyuta yangu, nilikuwa nahamishia picha kwenye mashine yake, kisha nazibeba kwa flashi. Na kanuni ya masijala ni kunakili kwanza, kuhakikisha, ndipo unafuta zile za nyuma. Mimi nilinakili, nikahakikisha, na kurudi kufuta sikurudi, kwa uvivu na umbali. Sisemi uvivu ni mzuri. Nasema tu kilichotokea.

Leo mvua ilipokatika, nilitoa picha zote kwenye kompyuta, nikazitia kwenye flashi, tukaenda mimi na Keji. Abdi alikuwa kwenye kiti chake kile kile.

“Mama Sunday! Nilidhani umeniacha, umeolewa na kompyuta ya nyumbani.”

“Abdi, zile picha zangu za zamani uliziweka wapi?”

“Ziko palepale. Uliandika folda MAMA SUNDAY USIFUTE. Wallahi mimi nasoma. Ungeandika FUTA ningefuta siku hiyo hiyo.”

Nilitaka kumkumbatia, lakini ni mtu wa dini, nikamshika mkono Keji badala yake.

Ila folda hiyo ilikuwa na picha zote kwa namba ambazo simu huzipa picha yenyewe, bila jina hata moja. Kuzifungua moja moja kungetuchukua mpaka wiki ijayo. Nikamwomba Abdi niweke ile programu yangu ya meza mbili. Akakataa. “Mama, kwenye mashine hii hakuna kinachowekwa. Mwaka jana mteja aliniwekea mchezo, nikapoteza kazi ya watu siku mbili. Malesh.” Alikuwa na haki.

Hapo ndipo ya tatu ilipoonyesha kazi yake. Sunday aliwahi kuipakua, nikaiona ina vitufe vingi nikaidharau. Lakini ilikuwa kwenye flashi, na hii haihitaji kuwekwa kwenye mashine. Unaifungua kutoka kwenye flashi yenyewe, ukimaliza unachomoa, haiachi hata alama ya mguu. Abdi alisoma maelezo yake, akaiangalia kama afisa wa mpakani, akasema, “Kalas, basi, fungua.”

Nayo ina meza mbili. Kushoto nikaweka folda ya Abdi, kulia picha zangu. Kisha Keji, ambaye macho yake ni mapya, akaona kitufe cha kulinganisha yaliyomo: si majina, yaliyomo ndani. Yaani inasoma faili la kushoto na la kulia, na kama ni picha ile ile inaziunganisha hata kama moja inaitwa namba na nyingine inaitwa Poni. Na inaweka alama kwenye zile ambazo hazina mwenzake. Tukabonyeza. Abdi akatuletea chai ya tangawizi. Keji hakunywa. Alikuwa akihesabu kitu kwenye vidole, nadhani siku mpaka Ijumaa.

Ilipomaliza, upande wa kushoto zilibaki picha arobaini na kitu zisizo na mwenzake. Nyingi zilikuwa zile za mkono uliotetemeka, za ukungu. Ile programu inaonyesha picha pembeni bila kuifungua, kwa hiyo ilikuwa kushuka tu na mshale. Ukungu, ukungu, kidole changu gumba, ukungu. Kisha ikaja kadi safi: Maria Keji Wani Lado, mama Jwan, na tarehe.

Keji aliweka kidole kwenye kioo, chini ya jina la mama yake. Abdi akasimama akajifanya anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Aliichapa nakala mbili, nzuri, za rangi. Keji akazitia kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko, mfuko ndani ya nguo. Nilidhani tumemaliza, nikanyoosha mkono kuchomoa flashi.

“Mama Sunday,” akasema, “bado hatujafika chini.”

Tukaendelea. Ukungu, ukungu, kisha kadi nyingine safi. Na nyingine. Tulipofika chini zilikuwa saba pamoja na yake. Watu saba niliwafuta kwa kitufe kimoja, na sita kati yao hawakuwa wamekuja kuuliza bado. Wangekuja mmoja mmoja, mwaka huu, mwaka ujao, ningewafungulia kadi ya mtu mwingine. Na kama kadi hiyo ingekuwa na umri unaokaribiana na wake, huenda hata wasingegundua.

Niliketi. Abdi akasema, “Mama, umezipata, furahi basi.” Nilifurahi. Lakini furaha ya mtu aliyeangusha mtoto akadakwa na jirani si furaha ya kucheza.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili, nalo si agizo. Programu ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: ina meza mbili, inaonyesha picha pembeni, inalinganisha yaliyomo, na inatembea kwenye flashi. Majina mawili yakigongana, inaweka picha zote mbili mbele yako, ukubwa na tarehe, na mnaweza kubonyeza zibaki zote. Ubaya wake ni vitufe vingi na herufi ndogo. Wiki ya kwanza mtaichukia. Ya pili pia ni nzuri kwa mwenye subira kuliko mimi. Na yoyote mtakayochagua, ijaribuni kwanza kwa folda ya picha za harusi, si kwa kadi za watu. Majina ya mafaili nimeanza kuyaandika upya leo, na la mama limo. Nimefika herufi B.

Mchana nilipiga simu kwa wale sita, namba nilizipata kwa padri. Watano walinisikiliza, wakashukuru, mmoja akanigombeza kidogo, na alistahili kunigombeza. Wa sita ni kijana aitwaye Pitia. Simu alipokea mama yake. Akaniambia Pitia alifariki mwaka juzi. Nikasema pole, nikataka kukata, nikidhani kadi hiyo haina kazi tena. Akaniuliza, “Ina jina langu?”

Nikaitazama. “Ndiyo, mama. Imeandikwa jina lako, limekaa vizuri.”

“Basi uichape. Mimi nitakuja Jumapili kuichukua.”

Tuliporudi kutoka kwa Abdi, Keji alikuwa hataki kwenda Nyakuron bila kutusaidia kupika, akakaa na Sunday jikoni wakicheka mambo yao. Jioni tulikula asida, ndiyo ugali wa huku, na kombo, majani ya kunde yaliyopikwa kwa siagi ya karanga, na samaki mkavu kidogo kwa ajili ya mgeni. Keji aliongeza mara mbili.